Kutoka Katesh hadi Songo Mnara: mwongozo wa safari ya mashua kwenye magofu

Kila mwaka meli ndogo za kitalii, zenye nafasi ya abiria mia moja au mia mbili hivi, huzunguka Bahari ya Mediterania na kuwashusha watu penye mabaki ya miji ya Wagiriki na Warumi. Leo wanatembea Delos, kesho Efeso, keshokutwa Olympia kupitia bandari ndogo ya Katakolo. Wanaozipenda meli hizi wanazipendea udogo wake. Zinapita kwenye mfereji wa Korintho, uliofunguliwa mwaka 1893 na wenye upana wa mita zisizofika 25 kwenye usawa wa maji, mahali ambapo meli kubwa haithubutu kuingiza pua. Efeso na Korintho ni majina ambayo waumini wa Mbulu, Haydom na Katesh, mkoani Manyara, wamekuwa wakiyasikia kanisani tangu utoto, katika nyaraka za Paulo.

Mkazi wa Dongobesh au Basotu anayetamani safari ya namna hiyo hahitaji viza ya Ulaya. Kusini mwa pwani ya Tanzania, wilayani Kilwa, kuna miji miwili ya mawe iliyosimama juu ya visiwa, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Meli ndogo za kitalii kutoka nje nazo hutia nanga Kilwa na kuwashusha wageni kwa boti ndogo. Mtanzania anafika kwa basi, treni na mashua, kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya meli hizo.

Kosa la wengi ni kuipanga safari kuanzia nyumbani. Wanaangalia likizo, wanakata tiketi ya basi, wanafika Kilwa Masoko, halafu nahodha anawaambia maji yamekupwa au upepo umechachamaa, warudi kesho. Kesho hiyo haimo kwenye bajeti. Dawa yake ni kupanga kinyumenyume: upepo kwanza, maji ya bahari pili, mashua ya tatu, treni ya nne, na basi la kutoka Katesh liwe la mwisho.

Anza na upepo

Pwani ya Tanzania ina misimu miwili ya upepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili na hushika nguvu Juni, Julai na Agosti. Kaskazi huingia kuanzia Desemba na kuisha Machi. Kati ya misimu hiyo bahari hutulia kidogo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kwenda. Mvua huloweka magofu, njia za kisiwani huota nyasi ndefu, na barabara ya kusini yenyewe huwa mashakani. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Watu wa Katesh, walioona tope na mawe vikishuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023, hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu mvua na barabara.

Kwa mkulima wa Mbulu na Hanang, dirisha zuri ni Septemba hadi katikati ya Novemba. Mahindi na ngano vimeshavunwa, maharage yameuzwa, shamba jipya halijaanza kudai nguvu, na kusi limeanza kulegea. Januari na Februari nako bahari hupitika, ila joto la Kilwa wakati huo humtoa jasho hata mwenyeji, na nyumbani ni msimu wa palizi.

Upepo ndio unaoamua pia aina ya chombo. Songo Mnara iko kusini mwa Kilwa Masoko, kwa hiyo wakati wa kusi mashua ya tanga huenda ikipigana na upepo na kurudi ikisukumwa nao. Asiye na siku za kupoteza achukue boti ya mashine kwa Songo Mnara, na tanga alibakize kwa Kisiwani, ambako ni kuvuka mlango wa bahari tu.

Halafu maji

Mtu aliyezoea Ziwa Basotu au Ziwa Babati anajua maji yanayobaki palepale asubuhi hadi jioni. Bahari haiko hivyo. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kama dakika 50, kwa hiyo saa ya maji ya leo siyo ya kesho. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu, kimo cha nyumba ya kawaida.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Wavuvi huziita siku hizo bamvua. Katika pwani hii, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ndio wakati wa maji mafu, na saa hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi.

Hapo ndipo penye siri ya safari nzima. Songo Mnara imezungukwa na mikoko na maji mafupi. Anayefika maji yakiwa yamekupwa hushushwa mbali na kutembea kwenye tope na maji ya magotini huku amebeba viatu mkononi. Anayefika maji yamejaa hushuka karibu. Kwa hiyo siku ya Songo Mnara iwekwe kwenye siku za mwezi nusu: ondokeni Masoko mapema, fikeni maji yakikaribia kujaa, zungukeni magofu, na rudini chomboni kabla bahari haijawaacha. Fungua kalenda yenye mwezi, tia alama siku mbili tatu zinazofaa, kisha mpigie simu nahodha au mwongoza wageni wa Kilwa athibitishe. Neno lake ndilo la mwisho, kwa kuwa yeye ndiye anayeyaona maji.

Njia ya kushuka

Siku ya bahari ikishajulikana, hesabu siku nne au tano kurudi nyuma. Wa Katesh anashuka Babati kwa lami. Wa Mbulu na Haydom wanafika Babati kwa mabasi madogo yanayoondoka alfajiri, na wa Haydom anaweza pia kupitia Basotu na Katesh. Kutoka Babati, badala ya kuzungukia Arusha na Moshi, chukua barabara kuu ya kuelekea Kondoa na Dodoma, ambayo sasa ni lami yote.

Njiani, kabla ya Kondoa mjini, kuna Kolo. Teremka hapo. Hicho ndicho kituo cha michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ofisi ya mambo ya kale iko kando ya barabara, na mwongozaji hupatikana hapohapo. Kupanda kwenye mapango ya Mungomi wa Kolo kunataka miguu imara na saa kadhaa, lakini watoto wa Manyara waliozoea milima hawatalalamika. Juu kuna wanyama na watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, ambao mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuwanakili mwaka 1951. Msafiri anaweza kulala Kondoa na kuendelea Dodoma kesho yake.

Dodoma hadi Dar es Salaam, treni ya reli ya kisasa (SGR) imebadilisha hesabu. Safari zake za abiria kati ya miji hiyo zilianza Julai 2024, na umbali uliokuwa unakula siku nzima kwa basi sasa humalizika kwa saa tatu hadi nne. Kata tiketi mapema, hasa kama ni mwisho wa wiki au sikukuu, na beba kitambulisho halisi, maana langoni hukaguliwa.

Ukifika Dar, usikimbilie basi la kusini. Tenga nusu siku kwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako vipo vitu vilivyofukuliwa Kilwa. Sababu ni ya kivitendo: magofuni hutaona sahani wala sarafu, utaona kuta. Aliyeviangalia vyombo kwanza atajua kilichokuwa kikiwekwa ndani ya zile kuta.

Mabasi ya Kilwa hupakia Mbagala Rangi Tatu tangu alfajiri. Kilomita ni zaidi ya 300 kidogo hadi Kilwa Masoko, kupitia Kibiti na Nangurukuru. Kaa upande wa dirisha na uwe macho mnapovuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, kwa sababu katika eneo hilo ndipo habari ya Wagiriki na Warumi inapogusa ardhi ya Tanzania.

Katika karne ya 1 BK, mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeishi Misri chini ya utawala wa Warumi aliandika kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ni mwongozo hasa: kinataja bandari moja baada ya nyingine, kinachouzwa na kinachonunuliwa, na kwa baadhi ya bandari hata mwezi unaofaa kung'oa nanga Misri, Julai. Soko la mwisho analolitaja kusini mwa Azania, jina analoliita pwani hii, ni Rhapta. Huko, anasema, zilipatikana pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vioo vya aina kadhaa. Karne iliyofuata, mwanajiografia Ptolemaio wa Aleksandria aliitaja tena. Mji wenyewe haujapatikana. Watafiti wengi wanauweka karibu na delta ya Rufiji, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefukua katika eneo la Rufiji shanga za kioo anazozihusisha na biashara ya enzi za Warumi. Kwa hiyo abiria wa basi la Kilwa anapita, pengine bila kujua, jirani na mahali ambapo mwongozo huo wa mabaharia uliishia.

Masoko: kibali, mwongozaji, chombo

Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya na ndipo penye gati. Magofu yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na hakuna anayevuka kwenda kuyaona bila kulipa kiingilio na kupata kibali. Fanya hivyo jioni ya siku unayofika au asubuhi mapema, ukiwa na kitambulisho cha taifa, kwa kuwa Mtanzania hulipa kiwango tofauti na mgeni wa nje. Malipo ni ya Serikali na hutolewa namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio. Risiti usiitupe. Utaulizwa kisiwani.

Mwongozaji achukuliwe mwenye kutambulika na ofisi. Kuta za Kilwa hazina maelezo ya kutosha yaliyobandikwa, na asiye na mwongozaji hurudi akisema ameona mawe.

Kuhusu chombo, kagua vitu vinne kabla hujakubaliana bei. Kwanza, jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, na za watoto ziwe za watoto. Pili, uliza idadi ya abiria ambayo chombo kinaruhusiwa kubeba, usikubali wa ziada. Tatu, kama ni boti ya mashine, yawepo mafuta ya kwenda na kurudi na akiba. Nne, mkubaliane kabisa: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, ni ya kwenda na kurudi, na nahodha atasubiri kwa saa ngapi. Kwa Songo Mnara bei huwa kubwa kwa sababu ya mafuta, na chombo hukodiwa kizima.

Kisiwani: nusu siku isiyotosha

Kuvuka kutoka gati la Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita mbili. Upepo ukiwa mzuri, mashua hutumia chini ya nusu saa. Mtakaa pamoja na wenyeji wanaorudi na ndoo, unga, bati la kuezekea na pengine baiskeli. Baharia akisema mhamie upande wa pili, hamieni mara moja. Tanga linageuzwa, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hupita juu ya vichwa.

Ngome ndiyo hupokea wageni, ikiwa imesimama ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, baada ya kikosi cha Francisco de Almeida kuushambulia mji, na wakaondoka miaka michache baadaye. Kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye sana.

Kutoka hapo njia huingia hadi Msikiti Mkuu, na hapa usiwe na haraka. Ni misikiti miwili iliyoungana. Ukumbi wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11 na ya 12. Sehemu ya kusini, yenye vikuba na matao, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Muulize mwongozaji kuhusu nguzo. Zile za kwanza, zilizochongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe, hazikuhimili uzito wa paa, na katika karne ya 15 mafundi walijenga upya kwa nguzo za pembe nane za mawe na chokaa. Sogea karibu na ukuta utaona aina mbili za mawe. Kuna tumbawe gumu la nchi kavu, lililovunjwavunjwa na kujazwa kwenye kuta nene, na tumbawe laini lililotolewa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, ndilo lililofanya kazi ya mihrabu na mapambo. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Mji mzima ulitoka baharini, hata pale usipotazama bahari.

Pembeni kuna mahali pa kutawadhia, penye kisima na mawe ya mviringo ambayo waumini walisugulia nyayo kabla ya kuingia kuswali. Yamelika juu. Watoto wa shule wakiletwa hapa, waoneshwe mawe haya kabla ya kuambiwa majina ya masultani.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Wengi huiacha kwa sababu ya jua, na hilo ni kosa. Panga mashua ikusubiri chini ya genge, ili utembee kwenda tu na kurudi kwa bahari. Ni kasri la al-Hasan ibn Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja, uwanda wa biashara upande wa nchi kavu, na bwawa la kuogea la pembe nane lililojengwa kwa ufundi unaomfanya mtu asimame. Halikumalizika kujengwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, na aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote.

Fedha za kujengea zilitoka kusini. Kilwa ilishika mlango wa bandari ya Sofala, ilikopitia dhahabu ya nyanda za Zimbabwe. Ilipiga sarafu zake za shaba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, maandishi ya upande mmoja yakiwa na vina, kama vya shairi, vinavyolingana na vya upande wa pili. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan imepatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na namna zilivyofika huko bado ni mjadala.

Songo Mnara: siku nzima

Delos ya Ugiriki inafikika kwa mashua tu, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala. Songo Mnara nayo inafikika kwa chombo pekee, na wageni wengi huenda na kurudi siku hiyohiyo. Boti ya mashine huchukua kama saa moja na zaidi kutoka Masoko, kutegemea bahari. Beba maji ya kunywa ya siku nzima na chakula, kwa kuwa magofuni hakuna duka.

Kilwa ina msikiti na kasri. Songo Mnara ina nyumba, na hapo ndipo ulipo utamu wake. Mji huu ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa hiyo haukujengewa miji mingine juu yake. Unaingia mlangoni, unashuka ngazi za ua uliochimbwa chini ya usawa wa vyumba, unapita barazani, unafika chumba cha ndani. Ukutani kuna zidaka za kuwekea taa na vyombo. Makaburi yapo katikati ya mji, si nje. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, waliochimba hapa kuanzia mwaka 2009, waliyachunguza maeneo ya wazi kati ya nyumba kwa uangalifu uleule wa nyumba zenyewe, na wakaonesha kwamba nafasi zilizoonekana tupu zilikuwa na kazi: kuzikia, kukumbukia wafu, kufanyia shughuli za nje.

Wakati familia za nyumba hizo zikiishi Songo Mnara, au punde baada ya hapo, watu wengine walikuwa wakipanga mawe bara, Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Monduli. Walijenga matuta na mifereji ya kumwagilia mashamba kuanzia kama karne ya 15 hadi ya 18, na baadhi ya wanahistoria wamewahusisha na mababu wa Wairaqw. Anayetoka Mbulu akifika Songo Mnara asione kwamba anatazama ustaarabu wa watu wengine wenye mawe, yeye akiwa wa nchi isiyo nayo.

Usipande kuta, usichomoe vipande vya vyungu, usiokote sarafu. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, kwa sababu ya mawimbi, mizizi na kuta kuporomoka, na yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta zilizoshikizwa kwa chokaa mpya haziwezi uzito wa mtu anayetafuta pembe nzuri ya picha.

Mwili na adabu

Mtu wa nyanda za juu huingia nchi nyingine anapofika pwani. Mbulu kuna baridi na mbu ni wachache. Kilwa kuna malaria. Lala ndani ya chandarua kila usiku, na watoto na wajawazito wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya safari. Homa ikikupata ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari kwamba ulikuwa pwani, apime malaria haraka.

Begi liwe jepesi: kofia pana, shati la mikono mirefu, viatu vya zamani vya kufungwa vinavyoweza kulowa, kwa kuwa matumbawe hukata na kandambili hubaki kwenye tope, na mfuko wa plastiki mgumu wa simu. Shuka lisiachwe nyumbani. Asubuhi kwenye boti upepo ni mkali, na mchana hukinga jua. Anayeogopa kichefuchefu cha bahari ale kidogo, si kukaa na njaa, akae katikati au nyuma ya chombo na kutazama upeo wa bahari. Dawa aulize duka la dawa Dar, ainywe kabla ya kupanda.

Kilwa ni nchi ya Waislamu. Wanawake wavae kanga au kitenge na mtandio, wanaume wasitembee vifua wazi mtaani. Magofu ya misikiti bado yana heshima yake: vueni viatu mwongozaji akisema. Mzee apewe shikamoo, mlangoni ipigwe hodi, na wanawake wanaotafuta pweza kwenye mwamba wa pwani wasipigwe picha kabla ya kuombwa. Wakati wa Ramadhani safari inawezekana, lakini chakula cha mchana hadharani hakifai na nahodha wako anaweza kuwa amefunga. Na mla nyama wa Katesh ajiandae kwa wali wa nazi, samaki na pweza. Ugali upo, maziwa ya mgando si rahisi kuyapata.

Kupunguza gharama

Chombo hukodiwa kizima, kwa hiyo safari ya mtu mmoja ni ghali na ya watu wanane ni nafuu. Kikundi cha vikoba, kwaya au walimu wa shule moja wakichanga kuanzia Januari, fedha ya Septemba hupatikana bila mtu kuuza ng'ombe. Mweka hazina agawe makisio kwenye mafungu matano: nauli, kulala, viingilio, vyombo vya majini, chakula. Aongeze fungu la sita, la siku moja ya kusubiri bahari, na kikundi kikubaliane mapema kwamba fungu hilo haliguswi kwa zawadi. Shule ziandike barua rasmi kwa ofisi ya magofu mapema, zikitaja idadi ya wanafunzi na tarehe.

Fedha taslimu toa Masoko, kabla ya kuvuka. Kisiwani hakuna benki.

Bahari ikikataa

Nahodha akisema leo hakuendeki, msibishane naye wala msitafute mwingine wa kuthubutu. Kama siku ya akiba ipo, itumieni Kilwa Kivinje, mji wa biashara ya misafara wa karne ya 19, kaskazini mwa Masoko, wenye boma la Wajerumani na nyumba za zamani zinazobomoka taratibu. Mnafika kwa gari, na mchana mmoja unatosha. Kisiwani nako huvukika siku nyingi ambazo Songo Mnara haifikiki, kwa sababu mlango wake umekingwa.

Kama hali mbaya imetabiriwa kabla hamjaondoka Dar, badilisheni njia. Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Magofu ya Kunduchi, ndani ya Dar es Salaam yenyewe, yana makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Kote kuwili mnafika bila kulowa miguu, mnarudi Dodoma kwa treni ya kesho yake, na ile hela ya boti mnaitunza kwa mwezi nusu wa mwaka unaofuata.